Makofi ya Kibondo

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya kuandika mihtasari lilikuwa sentensi nzuri. Niliandika hivi: "Wadau wa Kibondo waliafiki kifungu cha sita kwa makofi ya pamoja." Nikaisoma, nikahamisha koma ambayo haikuwa na kosa lolote, nikaisoma tena, nikaipenda. Haikuwa kweli. Na katika msafara mzima mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba si kweli.

Nawaandikia ninyi mliochukuliwa juzi kuandika mihtasari na kutafsiri katika dawati la kanda la Mfuko wa utafiti. Mkija dukani kwangu hapa Kasulu kuchapa kazi zenu mnaniita mstaafu, halafu mnacheka kwa sababu sijafika hata miaka arobaini. Chekeni tu. Mkataba ulikwisha, sikuomba mwingine, nikafungua steshenari. Kama huko si kustaafu, basi sijui kustaafu ni nini. Lakini nawaona mnavyosimama kando ya mashine mkizisoma kurasa zenu huku mnang'ata kucha, na najiona mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

Hakuna aliyenifundisha kazi hii darasani. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ya kuficha, nikakaa nyumbani. Mama mmoja aliyeuza maandazi karibu na stendi alikuwa akiyafunga kwa karatasi za zamani za vikao. Wenzangu walikula andazi wakatupa karatasi. Mimi nilikula andazi nikaisoma karatasi, mafuta na yote. Humo ndimo nilimojifunza kwamba kikao hakianzi bali hufunguliwa, na kwamba mjumbe hasemi bali huchangia. Kuna andazi lililonipa ukurasa wa pili wa mgogoro wa kisima, na wa tatu sikuupata kamwe. Hadi leo sijui kisima kile kilikwenda kwa nani, na jambo hilo bado linanisumbua, kama mnavyonijua.

Kutafsiri nilijifunza sokoni, jirani na kambi ya Nyarugusu, nilipokuwa nabeba magunia ya muhogo. Mkulima wa kwetu ana Kiha chake na Kiswahili cha kukopa, mama wa Kikongo ana Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, na bei iko katikati inawasubiri. Mara ya kwanza nilimlainishia mama yule neno la kukataa ili wasigombane. Hawakugombana. Waligombana keshokutwa, kwa kelele zaidi, gunia likiwa limeshafunguliwa. Nikajua kwamba mtafsiri hana ruhusa ya kuwa mwema kuliko wenye maneno. Nililijua hilo nikiwa na gunia kichwani, nikalisahau siku niliyopewa meza.

Meza nilipewa na msafara kutoka Dodoma. Walikuwa wanazunguka kukusanya maoni, mtafsiri wao akashikwa na malaria Kasulu, wakauliza nani anajua Kiha na anaandika mstari ulionyooka. Mwenye nyumba ya wageni akanitaja. Walisema watanijaribu kikao kimoja. Niliwahi kabla ya mlinzi, nikiwa na kalamu tatu, moja ya kuandikia, moja ya akiba, na moja ya kuazimisha watu ili zile mbili zisiguswe. Hilo la kalamu ya kuazimisha lishikeni. Ni hekima pekee niliyoigundua mwenyewe.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinapiganiwa, maana ninyi mmeukuta Mfuko umeshasimama na mnadhani uliota kama uyoga. Serikali ilitaka chombo kimoja cha taifa cha kugharamia utafiti. Ukisikia hivyo unadhani hakuna wa kukataa. Kumbe kila wizara ilikuwa na fungu lake dogo la utafiti na haikutaka kulitia katika chungu cha wote. Vyuo vikuu vilitaka maprofesa wagawe. Wizara iliyoandaa rasimu ilitaka waziri awe na neno la mwisho. Wabunge wa mikoa ya pembeni waliuliza kama fedha hizo zitawahi kuvuka mto wowote kuja kwao. Rasimu ilikuwa imekwama zaidi ya mara moja, na safari hiyo kamati ya bunge ikawaambia waandaaji: nendeni kwanza mkawasikilize wananchi, hata wa mipakani.

Mwenyekiti wa msafara tulimwita Profesa tu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi, na ameupigania Mfuko huo muda mrefu kuliko mtu yeyote. Katibu alikuwa Mama Rehema, mtu wa Tanga, aliyetumia maisha yake katika ofisi za serikali na anayeweza kukwambia rasimu itakufa lini kwa kuangalia nani amekosa kikao. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza na kunisahihisha tangu saa ya kwanza.

Kikao cha Kibondo kilifanyika ukumbini wakati wa mvua. Mabati ya Kibondo mnayajua. Mvua ikishuka, hata Profesa anapiga kelele kama kondakta. Alisoma rasimu kifungu kwa kifungu, mimi nikatafsiri kwa Kiha. Kifungu cha sita kilisema kwamba watakaoruhusiwa kuomba fedha ni vyuo vikuu na taasisi za utafiti zilizosajiliwa pekee. Basi. Hakuna mwingine.

Kwenye safu ya mbele alikaa Mzee Ntahondi, mkulima wa Kasanda. Kikundi chake kilikuwa na shamba la majaribio ya maharage. Mtafiti mmoja, binti wa kituo cha kilimo, alikuwa amewaletea aina mbalimbali za mbegu, nao wakazipanda kwa mistari kwenye udongo ule ambao mizizi huoza kabla ya maua. Kila msimu waliangalia mstari gani umesimama, kisha wakapika, wakaonja, wakabishana, wakachagua. Mradi uliowalipia ulikuwa umefika mwisho. Kifungu cha sita kikipita kilivyo, kikundi hakingeweza kuomba chochote, binti yule asingekuwa na sababu ya kurudi, na mbegu zile zilizochaguliwa kwa misimu kadhaa zingeishia chunguni.

Profesa alimaliza, akaikunja rasimu. Kisha wazee wakainama kidogo, wakapiga makofi yale ya kwetu, ya polepole, viganja vimekunjwa kama vya mtu anayechota maji. Wote mliokulia Buha, huku kwetu Waha, mnayajua. Mtoto anampigia mkubwa akimwamkia. Mwenyeji anampigia mgeni mwenye heshima. Maana yake ni kwamba tumekuona, tumekusikia, karibu. Hayana ndiyo wala hapana ndani yake. Profesa hakujua. Aliweka mkono kifuani, macho yakamlegea, nadhani kwa sababu katika miaka yote ya kuutetea Mfuko hakuna aliyekuwa amempigia makofi.

Kikao kikafungwa. Nikiwa nakusanya karatasi, Mzee Ntahondi akanisogelea, akaniambia kwa Kiha: "Mwambie mgeni wetu tumemsikia. Tukikaa tutamjibu. Hicho cha sita kina mwiba."

Nikamjibu ego, yaani ndiyo, mzee. Na sikuandika. Sababu yangu, shikeni vichwa vyenu, ilikuwa kwamba kikao kilishafungwa, na maneno yanayosemwa baada ya kikao kufungwa hayaingii kwenye muhtasari. Nilikuwa nimelisoma hilo kwenye karatasi ya andazi. Fomu yetu ilikuwa na nafasi mbili, waliafiki na hawakuafiki. Hawakuwa wamekataa. Kuacha wazi niliona ni uchafu. Sijawahi kuvumilia nafasi tupu kwenye fomu, hata ya hospitali huwa naandika kitu. Nikaijaza kwa sentensi ile nzuri.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo niwape mambo ya kazi, kabla hamjachoka. Usiketi mezani pembeni ya mwenyekiti hata ukikaribishwa. Kaa mahali unapoona mikono ya watu, maana kwetu mikono husema kabla ya mdomo. Mzee akianza na habari za mvua usiweke kalamu chini, anakuja, ila anapitia kwa baba yake. Usimtafsirie mtu kwa Kiswahili kizuri kuliko chake. Mimi nilikuwa namchukua mkulima wa Munanila aliyesema "kahawa yetu inakufa na nyie mnatuletea karatasi," nikamfanya aseme "wadau walionesha wasiwasi kuhusu sekta ya kahawa." Mama Rehema alikata mstari huo kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: huyu ni nani na amekufa lini? Na chajini simu zenu Kibondo mapema, msitegemee umeme wa mchana.

Turudi. Muhtasari ulitangulia Dodoma, msafara ukiwa bado unazunguka. Ulipofika mbele ya kamati, mbunge mmoja wa huku kwetu akasimama kukipinga kifungu cha sita, akisema kitawafungia nje wakulima wanaofanya majaribio na watafiti. Akajibiwa kwa sentensi yangu. Watu wako wenyewe wameafiki, tena kwa makofi ya pamoja. Wewe unampingia nani? Alikaa chini. Wiki iliyofuata alikuja Kibondo akawauliza wazee kwa nini wamemuuza.

Habari ilinifikia sokoni Kasulu. Mzee Ntahondi alikuwa amekuja kununua migebuka. Aliniona, akaniita kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Kijana wa kalamu. Kumbe siku hizi mtu akikuamkia, wewe unaandika amekupa binti yake uoe."

Soko likacheka. Muuza samaki akaniuliza mahari nimetoa ngapi. Nikacheka nao. Mzee akanivuta pembeni, na huko hakutania tena.

"Ile mbegu ya mstari wa tatu," akasema, "mke wangu ameificha juu ya dari ili wajukuu wasiipike. Nimwambie aishushe?"

Nikamwambia asiishushe. Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Sikujua nitafanya nini, nilijua tu kwamba siwezi kumwambia aishushe.

Mama Rehema alikuwa bado Kasulu, akiandaa kikao cha mwisho cha msafara. Nilimkuta akinywa chai, nikamweleza yote bila kuketi, kwa mpangilio, na vichwa vidogo vya habari, kwa maana ndivyo ninavyoogopa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulijua maana ya makofi yale?"

"Nilijua, mama."

"Afadhali. Asiyejua ningemrudisha kwao. Anayejua anaweza kutengeneza." Akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa, mwanangu, unanitia kizunguzungu."

Nilitaka kuandika barua ya masahihisho Dodoma jioni ileile. Nilishaitunga kichwani, ilikuwa na aya nne. Akanikataza, na hapo ndipo aliponifunza siasa ambayo hakuna karatasi ya andazi ingenifunza. Zile wizara zisizoutaka Mfuko, alisema, zinasubiri doa. Barua ikifika inayosema muhtasari wa Kibondo si wa kweli, hawatauliza kuhusu Kibondo. Watasema ripoti nzima ni mbovu, maoni yakusanywe upya, na kwa serikali, neno upya maana yake ni kaburi. Mfuko ukifa, Kasanda haitapata kitu, na Dar es Salaam nayo haitapata. Nikinyamaza, Mfuko unasimama na Kasanda inabaki nje. Nilimuuliza kama hakuna njia ya tatu. Akaniambia njia ipo, iko katika kila muhtasari niliowahi kuandika, na siku zote naipita haraka kufika kwenye ajenda. Inaitwa yatokanayo. Kabla kikao hakijaanza mambo mapya, muhtasari uliopita husomwa mbele ya wenyewe, na wenyewe huusahihisha. Hapo hakuna doa. Hapo ni utaratibu.

Shida ilikuwa kwamba Kibondo na Kasulu vilipangwa kuwa vikao tofauti. Ilibidi viunganishwe, watu wa Kibondo waletwe Kasulu, na Profesa akubali sentensi yangu isomwe hadharani. Tulimwendea pamoja. Aliposikia alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kijana, Mfuko huu nimeupigania tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema. "Nikifungua mlango wa kila kikundi cha kijiji, fedha zitatawanyika kama njugu sokoni. Watu wa Hazina watatucheka. Sikukiandika cha sita kwa dharau."

Nilimwamini, na bado namwamini. Msidhani mtu akiandika kifungu kibaya basi ni mtu mbaya. Mama Rehema akamwambia kwa upole kwamba mbunge aliyenyamazishwa hajashindwa, anasubiri siku ya kura, na ana wenzake. Profesa akaivaa tena miwani. Kisha akaniuliza mimi, si Mama Rehema: "Makofi yale, yalikuwa ya nini hasa?"

"Yalikuwa ya kukuamkia, Profesa."

"Basi walinipokea."

"Walikupokea vizuri sana."

Alicheka kidogo, kwa huzuni, akasema sawa, walete.

Siku ya kikao cha Kasulu niliwahi tena kabla ya mlinzi, na kalamu zangu tatu. Nilisimama, nikasoma muhtasari wa Kibondo kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha. Nilipofika kwenye "makofi ya pamoja" watu wa Kibondo wakacheka wote kwa pamoja, na wa Kasulu wakafuata walipoelewa. Nilibaki nimesimama. Nawaapia, nilitamani mvua ishuke juu ya mabati kama kule Kibondo.

Mzee Ntahondi akainuka. Alimwamkia Profesa kwa heshima zote, kwa makofi yaleyale, na watu wakacheka tena, hata Profesa. Kisha akasema kwamba hawakukubali na hawakukataa, walimpokea mgeni, na sasa wamekaa, wamekuja na jibu.

Profesa akauliza: "Na ninyi mkikubali jambo, mimi mgeni nitajuaje?"

"Tutakubishia kwanza," alisema mzee. "Asiyebisha hana nia ya kulifanya."

Wakabisha. Walibisha hadi chai ikapoa. Mzee alitaka kikundi kiombe fedha chenyewe na kizishike chenyewe, na hapo hapo akaingiza pampu ya maji ambayo haikuhusiana na maharage wala utafiti. Mama Rehema akaitoa pampu. Mzee akairudisha kwa jina la umwagiliaji. Akaitoa tena. Mama mmoja wa Munanila, mkulima wa kahawa, akasema haoni ubaya taasisi ishike fedha mradi isizishike kimya. Kikundi kisaini pale zinapoingia na pale zinapotoka. Mzee Ntahondi akamwambia amewauza. Naye akamjibu kwamba yeye ana mume mlevi nyumbani, anajua faida ya fedha kushikwa na mtu mwingine. Mzee akarudi kwenye pampu.

Mwishowe ikawa hivi: kikundi cha wakulima kinaweza kuomba kikiwa na mtafiti wa taasisi iliyosajiliwa, maombi yao yapimwe kwenye dawati la kanda kabla ya kwenda makao makuu, taasisi ishike fedha, kikundi kisaini. Profesa alipoteza neno "pekee" kwenye kifungu chake. Mzee alipoteza pampu. Mbunge yule aliposikia aliunga mkono rasimu nzima, na wenzake wa pembeni wakaja naye, na kura zao ndizo zilizoipitisha. Huwa nawaza kwamba bila kosa langu huenda vita ile isingekwisha vizuri hivyo, kisha najizuia. Kosa ni kosa. Msilifanye kwa kutumaini bahati yangu.

Safari hii sikuandika waliafiki. Niliandika nani alisema nini, kwa maneno yake, hadi na mume mlevi, ingawa huyo Mama Rehema alimfuta kwa huruma. Profesa alipofunga kikao, wazee wakainama, wakakunja viganja, wakapiga makofi. Alinigeukia haraka kuliko nilivyowahi kumwona akigeuka.

"Na haya?"

"Wanakuaga, Profesa."

"Usiyaandike," akasema.

Basi, vijana wangu, mnaniuliza kama ninaikumbuka kazi. Ninaikumbuka, lakini siitamani. Nina mashine mbili za kuchapa, moja ikigoma nyingine inafanya, nalala vizuri, na nikikosea mtu huniambia hapohapo kaunta. Bado nasoma kila ukurasa mnaouleta, hata msiponiomba, na bado nahamisha koma. Mnisamehe.

Kilichobadilika ni hiki. Fomu yenu ina nafasi tatu: walikubali, walikataa, walipokea na watajibu. Kila kikao kinaanza kwa yatokanayo, mbele ya wenye maneno. Binti wa kituo cha kilimo amerudi Kasanda, na mbegu ya mstari wa tatu imeshuka darini ikapandwa. Makofi hayaandikwi tena.